Usitue kalamu kwenye wazo la 12

Itazame chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali ya kubebea mizigo, inayoshuka Goma na viazi vya Kibumba. Gurudumu ni la mbao, limezungushiwa ukanda wa tairi kuukuu. Ubaoni pana kipande cha mpira, msukumaji huweka goti hapo. Mbao ilikuwepo, tairi ilishatupwa. Kipya ni kuviunganisha, na muungano huo ukaziweza barabara za mawe ya volkano. Ndiyo maana tunasema ubunifu ni wa kila mtu: hakuna akili isiyounganisha vitu. Tunazidiana, ndiyo, kwa ujuzi wa kazi na zaidi kwa uvumilivu.

Jipime. Weka mbele yako bidoni ya manjano ya lita 20, kisha andika matumizi 30 kwa dakika 15. Mazoezi ya namna hii yanatokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani J. P. Guilford, ambaye mwaka 1950 aliwahimiza wenzake wauchunguze ubunifu. Kuchotea maji, kuwekea mafuta, kukalia: hayo kila mtu anayo. Kwenye la 12 hivi kichwa kinakauka. Usitue kalamu! Yaliyozoeleka yameisha, sasa akili inaanza kutafuta. Ukikwama, lisahau jina "bidoni", itaje sehemu moja moja: plastiki ngumu, mkono, mfuniko, mdomo mwembamba, rangi inayoonekana mbali. Ikikatwa ubavu ni bustani ya lengalenga kwenye kiwanja cha mawe matupu.

Kinachoua mawazo ni kuyahukumu yakiwa bado yanazaliwa. Andika hata la kipuuzi. Kesho yake, akili ikiwa imepumzika, chagua matatu kwa maswali mawili: ni jipya hapa kwetu? Linafaa?

Mkiwa kikundi, msianze kwa kuzungumza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale uliotolewa mwaka 1958 ulionyesha kwamba watu wanne, kila mmoja akifikiri peke yake, kwa jumla hutoa mawazo mengi kuliko wanne waliokaa pamoja. Kwenye mazungumzo mmoja anasema, wengine wanangoja zamu na kusahau, na mdogo anamwogopa mkubwa. Kila mtu aandike kimya dakika 10, kisha karatasi zisomwe bila majina.

Wazo mlilochagua mlijaribu kwa udogo: bidoni moja, si kumi. Hapo ndipo mtagundua kwamba bila matundu chini maji yanatuama na mizizi ya lengalenga inaoza.