Kinanda cha mabomba kwenye kompyuta

SWALI: Shikamoo mzee. Napigia kinanda kwaya yetu hapa Majengo, Moshi. Naandika programu ya kuiga kinanda cha mabomba, lakini noti zinalia kama honi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiige sauti, iga bomba! Kwenye nyuzijoto 20 za Selsiasi, sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Bomba wazi pande zote, la sentimita 65.5, hutetema mara 262 kwa sekunde, pamoja na mara mbili, tatu, nne ya hapo. Kata bomba la maji la plastiki, puliza ukingoni, kisha ziba chini kwa kiganja: sauti inashuka oktavu nzima, yaani mitetemo inakuwa nusu, na juu ya sauti hiyo mpya zinabaki mara tatu, tano, saba tu. Utamu uko hapo. Kwenye programu, wimbi lizungushe huku na huku. Likifika ncha iliyo wazi, mgandamizo ugeuze alama, jumlisha iwe toa. Ongeza na mvumo wa pumzi noti inapoanza.