Kwa mnaoanza kazi katika maabara ya bakteria

Mmetoka chuoni mkijua kwamba usugu wa vimelea dhidi ya dawa ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Pengine hamkuambiwa kwamba hesabu za aina hiyo huanzia kwenye sahani ya agari, rojo la kuoteshea bakteria, iliyo mbele ya mtu mmoja mwenye rula, anayepima duara lisiloota bakteria kuzunguka diski, yaani kikaratasi chenye dawa (duara dogo ni dalili ya usugu), na kwamba mtu huyo anaweza kuutengeneza usugu usiokuwapo au kuuficha uliopo.

Mambo huharibika hata kabla ya kuotesha. Mgonjwa mwenye dalili za UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, mara nyingi huwa ameshapitia duka la dawa na kumeza antibayotiki ya siprofloksasini siku mbili tatu, hivyo mkojo wake hauoteshi kitu na daktari hudhani hakuna ugonjwa. Ukimuuliza, "Mama, umetumia dawa yoyote?" atakujibu hapana bila nia ya kudanganya, kwa sababu kwa wengi dawa ni ile iliyoandikwa hospitalini. Mimi huuliza, "Kabla ya kuja hapa ulinunua vidonge dukani?" na jibu hubadilika. Liandikeni jibu hilo kwenye fomu. Mkojo nao usikae mezani kwenye joto, kwani E. koli, bakteria anayesababisha UTI nyingi, ikipata mazingira mazuri hugawanyika kila dakika 20, na ndani ya saa mbili bakteria mmoja huweza kuwa 64. Kama hamwezi kuuotesha upesi, uwekeni kwenye friji.

Kosa lililonifunza zaidi nililifanya mwaka wangu wa kwanza, katika hospitali moja ya ukanda wa pwani. Kwa takriban wiki nzima karibu kila sahani niliyosoma ilionyesha usugu wa ampisilini, na hakuna aliyeshtuka, mimi nikiwamo, kwa kuwa usugu wa dawa hiyo tumeuzoea. Ulipofika wakati wa kupima kimelea cha udhibiti cha kuhakikisha kipimo chenyewe, yaani E. koli ambayo inajulikana kwa hakika kwamba ampisilini huizuia, duara lake nalo likatoka dogo. Kumbe nilikuwa nikiitoa chupa ya diski kwenye friza na kuifungua papo hapo, mvuke wa hewa ya pwani ukaganda juu ya diski baridi, na dawa ikaharibika kwa unyevu. Chupa ilipaswa kuachwa imefungwa hadi ipate joto la chumba. Sikumbuki ni wagonjwa wangapi walibadilishiwa dawa wiki ile kwa sababu ya karatasi zangu. Tangu hapo jibu linalofanana mno na nilichokitarajia hunitia shaka kuliko lile la ajabu.

Kina cha agari kiwe milimita 4, maana ikimwagwa nene duara hupungua na ikiwa nyembamba hutanuka. Kisha sahani zikae kwenye inkubeta, yaani kabati la joto la kuoteshea, nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18, hata kama wodi inapiga simu. Mkiona makundi mawili matatu ya bakteria yameota ndani ya duara, msiyafumbie macho. Yaotesheni upya peke yake, kwani huenda ni uchafu, na huenda ndiyo yaliyokwisha kuwa sugu.

Katika kuandika majibu, kumbukeni kwamba tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibayotiki katika makundi matatu: za kuanzia, za kutumiwa kwa tahadhari na za akiba. Kama E. koli ya mkojo wa mgonjwa asiye mahututi inazuiwa na nitrofurantoini, sioni sababu ya kumwekea daktari meropenemu, ya kundi la tahadhari, mbele ya macho, kwa kuwa mwenye haraka huchagua iliyo kali.

Majibu ya damu msiyaache kwenye kisanduku. Niliwahi kukuta karatasi yangu ikiwa hapo siku ya pili, mgonjwa akiendelea kuchomwa seftriaksoni niliyokuwa nimeiandikia usugu. Sasa hupiga simu wodini, nikaandika kwenye daftari jina la aliyepokea na saa aliyopokea.