Kabla hujachomwa hiyo "sindano ya aleji", soma hapa

Usichomwe kwanza. Umeandika maneno mengi kuhusu mabaka ya magamba viwikoni na magotini, ukauliza kama soriasisi, ugonjwa huo wa ngozi, ni mzio na vyakula gani uache, kisha mwishoni, kama jambo dogo tu, ukasema kesho unaenda kuchomwa sindano iliyomkausha mabaka rafiki yako ndani ya siku mbili. Hapo ndipo nilipokaa wima.

Muulize anayekuchoma jina la dawa. Inayokausha mabaka haraka hivyo mara nyingi huwa steroidi, dawa kali inayotuliza uvimbe na kinga ya mwili, na steroidi ya sindano au ya vidonge kwa mwenye soriasisi ni mkopo wa riba. Nimeulipa.

Mimi nilipewa prednisoloni, vidonge vya steroidi, na bwana mmoja aliyenitazama akiwa amesimama, hata mkono wa shati hakuniambia nikunje. "Mzio huo. Umebadilisha sabuni." Sikuwa nimebadilisha. Nikabadilisha, basi, maana mgonjwa mtiifu kuliko mimi hajazaliwa. Vidonge vikafanya maajabu: mabaka yakalala, nikaanza kuvaa mikono mifupi na kuwashauri wenzangu kama profesa. Vilipoisha nikaacha ghafla. Hakuna aliyeniambia dozi hupunguzwa kidogokidogo.

Ugonjwa ukarudi na hasira. Haukuja na mabaka tena. Ngozi ya karibu mwili mzima iliiva, ikawaka moto, ikabanduka. Nilitetemeka kwa baridi jua likiwa utosini. Magamba yaliyobaki shukani asubuhi yangetosha kumuumba mtu wa pili, na pengine angekuwa na akili kunizidi. Nikalazwa. Daktari wa ngozi akaniambia hali hiyo ni erithrodema: mwili hupoteza maji na joto, moyo huelemewa, vijidudu hupata mlango, na watu hufa nayo. Wengine huota vipele vya usaha mwili mzima. Na kukatisha steroidi ghafla ni chanzo kinachojulikana. Kinajulikana! Sasa yule bwana wa sabuni alikuwa anasoma nini?

Mzio wa kawaida ni kinga ya mwili kukikosea kitu cha nje, chavua au karanga kwa mfano. Histamini, kemikali ya mwili inayoleta muwasho, inamwagika, unawashwa na kuvimba ndani ya dakika au saa chache, kisha inapita. Soriasisi inaendeshwa na seli T, askari wa kinga ya mwili, zinazoisukuma ngozi yako mwenyewe, hadi seli za ngozi zinazohitaji takriban mwezi mmoja kupanda juu zinafika kwa siku chache na kurundikana. Ndiyo maana setirizini, dawa ya mzio, haijakusaidia kitu. Inayoandamana na mzio ni pumu ya ngozi, nayo kwa mtu mzima hupenda mikunjo, ndani ya kiwiko na nyuma ya goti. Yako iko upande wa nje.

Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, sikatai. Ukipata mzio wa krimu au rangi ya nywele ukajikuna hadi ngozi ikachubuka, soriasisi inaweza kuota palepale kwenye mchubuko. Lakini hilo halihitaji sindano ya mtaani.

Kwa hiyo: steroidi ya kumeza au ya sindano, hapana, mpaka daktari wa ngozi aone mabaka hayo na, akiwa na shaka, akate kipande kidogo kipimwe. Ya kupaka ni habari nyingine. Hiyo hutumika sana, ila kwa nguvu na muda aliokupangia yeye. Na kama umeshaanza vidonge, usivikatishe mwenyewe leo kwa sababu umenisoma mimi. Nenda wakupunguzie.

Ukifika kwake mtajie na hivyo vidole ulivyosema vinakakamaa asubuhi, na umwonyeshe kucha kama zina vishimo. Soriasisi huingia kwenye viungo, na kiungo kikishaharibika hakirudi kilivyokuwa.