Mzigua niliyezaliwa Handeni, wazazi wakimbizi kutoka Somalia: je, ni raia?

SWALI: Wazazi wangu ni Wazigua waliokimbia vita Somalia. Nimezaliwa na kukulia Handeni, na nyumbani tunaongea Kizigua. Baba alipewa uraia nikiwa nimeshapita miaka 18. Wenzangu wananiambia kwa kuwa kabila letu ni la Tanga, mimi ni raia tayari. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu yangu, ila naelewa wanakolitoa. Karne ya 19 Wazigua walichukuliwa utumwani hadi Somalia. Waliotoroka wakalima kando ya Mto Juba na lugha yao hawakuiacha. Vita ya 1991 ilipowarudisha, Serikali iliwapokea, ikawapa makazi Chogo, Handeni, na kukubali kuwapa uraia. Asili yao ilichangia sana uamuzi huo.

Lakini hiyo ilikuwa sera. Sheria ya Uraia ya 1995 haina kifungu cha kabila. Watazame wakimbizi Warundi: lugha yao na Kiha cha Kigoma wanaelewana bila mkalimani. Waliokuja 1972, wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, takriban 162,000 walipewa uraia. Waliokuja baadaye wakawekwa kambi ya Nyarugusu hawakupata nafasi hiyo, na Kirundi ni kilekile.

Kuzaliwa Handeni nako hakutoshi. Kwa jinsi Uhamiaji wanavyoitafsiri sheria, uraia wa kuzaliwa unataka angalau mzazi mmoja awe raia siku unapozaliwa. Kama ungekuwa chini ya miaka 18 baba alipopata cheti cha uraia, angeweza kukuombea. Sasa unaomba mwenyewe uraia wa tajnisi, yaani wa kupewa mgeni kwa maombi, kupitia Uhamiaji.

Utatakiwa uwe umeishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka isiyopungua saba katika kumi iliyotangulia hiyo. Kwako hilo ni jepesi. Kazi iko kwenye kulithibitisha. Kusanya nyaraka za usajili wa ukimbizi, vyeti vya shule, barua ya mtendaji wa kijiji na nakala ya cheti cha baba. Uzigua utaje kwenye maelezo yako, unasaidia kuonyesha mizizi, ila usiutegemee: Waziri ndiye mwamuzi, na akikataa halazimiki kukueleza sababu.

Na tafadhali, kabla cheti hakijatoka, usijiandikishe kupiga kura wala kuomba kitambulisho cha taifa kama raia. Huko ni kutoa taarifa za uongo, na ombi lako linaweza kufia hapo.