Anasomaje meseji zako za WhatsApp

Pole sana dada, nimekuelewa, jamaa mliyeachana anajua kila unachochati na unashangaa mbona WhatsApp wanasema meseji zimefungwa kwa siri, mtu mwingine hawezi kuzisoma. Zimefungwa kweli tangu 2016, ila ni njiani tu, zikifika kwenye simu zinafunguka, kwa hiyo inawezekana kabisa aliunganisha laptop yake na WhatsApp yako kipindi simu yako iko mikononi mwake. Ingia WhatsApp, gusa vidoti vitatu juu (kwenye iPhone ni setingi), vifaa vilivyounganishwa, usichokitambua kitoe, halafu weka PIN ya tarakimu 6 ya WhatsApp (uthibitishaji wa hatua mbili) na washa ulinzi wa bakapu, yaani nakala ya meseji zako inayohifadhiwa mtandaoni, maana huo haujiwashi wenyewe. Paswedi ya Gmail nayo badilisha, kwa Android bakapu inakaa kwenye akaunti hiyo. Lakini kama huwa anakupiga au kukutishia USITOE kitu kwanza, atashtuka, piga picha hiyo orodha kwa simu ya mtu unayemwamini uende dawati la jinsia polisi.