Kabla ya sarufi, wafundishe kuomba kurudiwa

Mwalimu, umeuliza kama wiki zilizobaki kabla ya wanafunzi wako kusafiri kwenda York, Uingereza, kwa masomo mafupi zitumike kumalizia sarufi ya Kiingereza. Kwa maoni yangu sarufi waliyo nayo inatosha. Kitakachowakwamisha katika nyumba za familia zitakazowapokea ni kusikiliza, kwa sababu lafudhi ya Yorkshire, eneo ulipo mji wa York, iko mbali na ile waliyoizoea darasani, na kwa sababu watoto wetu wamelelewa kuona kwamba kumtaka mtu mzima arudie kauli yake ni kukosa adabu. Mwanafunzi huitikia ndiyo kwa heshima, kisha akashinda na njaa, kwa kuwa hakuelewa kwamba aliulizwa iwapo atajinunulia chakula cha mchana.

Wafanye mazoezi wawili wawili, mmoja akiwa mama mwenye nyumba anayesema haraka huku akiosha vyombo, na mwenzake akilazimika kuomba arudie, kuuliza ili kuhakikisha, na kueleza kwa upole kwamba hali nyama ya nguruwe. Zoezi hilohilo lifanyike pia kwa simu, ambako uso wa msemaji hauonekani.

Mengine ni madogo: soketi za umeme ni zilezile za pini tatu tunazotumia hapa, namba ya dharura ni 999, na mkipitia London, mabasi yake hayapokei fedha taslimu tangu 2014. Viza ndiyo ishughulikiwe mapema, pamoja na barua ya ridhaa ya mzazi kwa kila aliye chini ya miaka 18.