Reale iliyofubaa usiisugue

Ndugu unayeanza kukusanya sarafu za fedha hapa Lamu, kabla hujanunua hata moja jifunze kuusoma weusi wake. Weusi wenyewe mara nyingi hauharibu bei. Kinachoiharibu ni mkono unaotaka kuuondoa.

Fedha hufubaa kwa salfa iliyomo hewani, na unyevu wa pwani huharakisha. Utando huanza manjano hafifu, hukoza hadi rangi ya dhahabu, huingia zambarau, kisha buluu, mwisho mweusi. Rangi zikifuatana hivyo kutoka katikati kuelekea ukingoni, na mng'ao ukaonekana chini yake, wapo wanunuzi wanaolipa zaidi ya sarafu nyeupe. Zilizorukana, au zinazokatika ghafla kana kwamba zimepakwa, zitilie shaka.

Ishike sarafu kwa kingo, washa taa moja tu, uigeuze polepole. Mwanga ukizunguka usoni kama gurudumu, uso wa asili ungalipo. Ukiona mistari myembamba iliyoelekea upande mmoja, imesuguliwa. Majivu, dawa ya meno, ndimu na chumvi, vyote huacha alama. Dawa ya kuchovya nayo hula fedha yenyewe pamoja na weusi. Baada ya kuchovywa mara kadhaa sarafu hubaki nyeupe isiyo na uhai. Sonara hana kosa akiing'arisha bangili, maana bangili huvaliwa ing'are. Sarafu hununuliwa kwa uso iliotoka nao kiwandani.

Kampuni za kupima hali ya sarafu, kama NGC na PCGS za Marekani, hutumia namba 1 hadi 70, na kuanzia 60 ni sarafu ambazo hazikutumika sokoni. Iliyosuguliwa hunyimwa namba: huandikiwa tu kiasi cha nakshi kilichobaki, na kwamba ilisafishwa. Hapo ndipo bei huporomoka.

Lakini si sarafu zote zinaumia sawasawa. Reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, ina mwaka 1780 hata zilizopigwa miaka mingi baadaye. Ina uzito wa gramu 28.07 hivi, fedha sehemu 833 kwa 1000, yaani karibu gramu 23.4 za fedha tupu. Ile ya kawaida iliyochakaa hushikilia bei ya fedha yake, na weusi hauisogezi sana. Rupia ya Mombasa ya 1888 iliyohifadhika vizuri ni jambo jingine kabisa. Hiyo usiiguse hata kwa kitambaa laini.

Ute wa kijani unaonata ni wa mifuko ya plastiki ya PVC, na huo lazima utoke kwa sababu unaendelea kula. Tumia asetoni safi, si dawa ya kutoa rangi ya kucha, maana ile ina mafuta na manukato. Fanya mbali na moto, dirisha wazi: loweka dakika 10 kwenye bakuli la kioo, hamishia asetoni mpya, kisha iache ikauke yenyewe. Usifute. Gamba la kijivu la sarafu iliyokaa baharini ni kazi ya chumvi. Limekwisha kula fedha, na ukilibandua utakuta mashimo.

Hifadhi kwenye vibahasha vya Mylar, plastiki isiyo na PVC, ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana, pamoja na silika jeli, vipunje vinavyonyonya unyevu. Masika vipunje hulowa upesi, kwa hiyo nunua vya buluu vinavyogeuka waridi, uvibadilishe vikigeuka. Usifunge sarafu kwa mpira wala kitambaa cha sufu: vyote viwili vina salfa.